Mwenye Kulipa na Aulizwe Kwanza

Kuna maneno yasemwayo sana siku hizi, mijini na vijijini, ya kwamba mji ukichaguliwa kuwa mwenyeji wa michezo mikubwa ya dunia, mji huo umepata heri kuu, na watu wake hawana la kufanya ila kushangilia. Maneno haya twayasikia barazani, twayasikia sokoni, na hata waalimu wenzetu huyasema mbele ya watoto shuleni. Sisi twayakataa. Hatuchukii michezo, maana ni sisi tuwafundishao watoto kucheza mpira na kushindana mbio, na twajua jinsi mchezo uwafundishavyo kutii sheria na kumheshimu aliyewashinda. Twayakataa kwa sababu wayasemao hawajauliza swali lililo la kwanza: Ni nani aliyechagua, na ni nani atakayelipa?

Katika vijiji vyetu, mtu akitaka arusi ya mwanawe ifanyike nyumbani kwa nduguye, humwendea kwanza akamwuliza, "Ndugu yangu, je, utaweza?" Naye mwenye nyumba hutazama ghala lake, humwita mkewe wakashauriana, huhesabu mbuzi wake, ndipo atoapo jibu. Lakini wageni wa mbali wakijifungia chumbani, wakapiga kura kwamba karamu itakuwa kwa Fulani, kisha wakamletea Fulani habari kwamba amepewa heshima, na ya kwamba upungufu wote wa gharama utakuwa juu yake, je, Fulani hatasema ameonewa? Hakika atasema. Walakini mji mzima ukitendewa hivyo, watu hupiga vigelegele na kurusha fataki.

Mtu atatujibu: "Mji wenyewe ndio ulioomba." Sivyo. Walioomba ni wakubwa wachache wa mji, pamoja na wenye mali watazamiao kujenga viwanja na hoteli. Mwuza samaki, mfagia barabara, mjane mwenye chumba kimoja, hao hawakuomba neno. Nao ndio walipao kodi.

Na tueleze jinsi kazi hii ilivyokuwa ikifanyika, ili msomaji aamue mwenyewe. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliundwa Paris mwaka wa 1894, na michezo yake ya kwanza ikafanyika Athens mwaka wa 1896. Wajumbe wake ni kama watu mia moja, nao huchaguana wao kwa wao. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa hii: miji iliyotaka michezo ilipeleka maombi, miaka saba hivi kabla ya michezo yenyewe, pamoja na picha za viwanja vitakavyojengwa na ahadi nyingi. Kisha wajumbe walipiga kura ya siri. Mji uliopata kura chache kuliko yote ulitolewa, wakapiga tena, hata mmoja ukapata zaidi ya nusu. Mji ule ulitia sahihi mkataba, na wenye serikali wakatoa dhamana kwamba hesabu ikipunguka, wao watajaza. Na fedha za serikali hutoka wapi? Hazioti mtini. Ni kodi ya watu.

Basi kura za siri za watu wachache, juu ya jambo lenye mali nyingi hivi, huzaa nini? Huzaa rushwa, kama maji yaliyotuama yazaavyo mbu. Mwaka wa 1991 mji wa Salt Lake City, Marekani, ulishindwa na Nagano ya Japani kwa kura 46 kwa 42 katika kuomba michezo ya majira ya baridi ya mwaka wa 1998. Wakubwa wa Salt Lake City wakaazimu wasishindwe tena. Wakatoa zawadi, wakawalipia watoto wa wajumbe gharama za masomo, wakawalipia wengine waganga na safari, hata jumla ikapita dola 1,000,000. Mwaka wa 1995 wakachaguliwa kwa michezo ya mwaka wa 2002. Siri ikafichuka mwisho wa mwaka wa 1998, na Marc Hodler wa Uswisi, mjumbe wa Kamati yenyewe, akasema hadharani kwamba kura zanunuliwa. Mwaka wa 1999 wajumbe sita walifukuzwa na wanne wakajiuzulu. Na Nagano, ile iliyoshinda kwanza? Watu walipotaka kuona madaftari yake ya hesabu, waliambiwa yamekwisha kuteketezwa motoni. Mtu mwenye hesabu safi hana haja ya kiberiti.

Wala tusifurahi na kusema kwamba haya ni makosa ya Wazungu. Katika wale kumi waliotoka, sita walikuwa Waafrika: wa Sudan, wa Mali, wa Congo, wa Libya, wa Swaziland, na mmoja wa Kenya. Rushwa haina kabila. Humwingia mtu ye yote aliyepewa mamlaka makubwa pasipo macho ya watu juu yake.

Baada ya aibu ile Kamati iliwakataza wajumbe wasiizuru miji iombayo, na wengi wakadhani ugonjwa umepona. Lakini mwaka wa 2009 Rio de Janeiro, Brazil, ikachaguliwa kwa michezo ya mwaka wa 2016, na miaka kumi baadaye, mwaka wa 2019, Sérgio Cabral, aliyekuwa gavana wa jimbo lile, akasema mbele ya hakimu kwamba alitoa dola 2,000,000 ili kura zinunuliwe. Wengine aliowataja walikana. Ila yeye aliyakiri yake mwenyewe.

Na FIFA, wenye mpira wa dunia, walikuwaje? Tarehe 2 Desemba 2010, mjini Zurich, watu 22 tu walichagua nchi mbili kwa siku moja: Urusi kwa Kombe la mwaka wa 2018, na Qatar kwa Kombe la mwaka wa 2022. Wangalikuwa 24, lakini wawili walikuwa wamekwisha kusimamishwa kwa mambo ya rushwa kabla kura haijapigwa. Qatar ilipata kura 14 na Marekani 8. Qatar imekana sikuzote kwamba ilinunua kura, nasi hatuhukumu lisilohukumiwa. Lakini msomaji na afikiri: wakaguzi wa FIFA wenyewe walikwisha kuonya kwamba joto la nchi ile mwezi wa Juni na Julai ni la hatari, na watu 22 wakapita juu ya onyo lile; kisha baadaye Kombe likahamishwa mpaka Novemba na Desemba, na ratiba za mpira za nchi nyingi zikavurugika. Kama wachaguzi wangalipaswa kusimama mbele ya watu na kutoa sababu zao, je, wangalisema nini?

Hayo ni ya wachaguao. Sasa tuwatazame walipao.

Mwaka wa 1970 Montreal, mji wa Kanada, ulipewa michezo ya mwaka wa 1976. Meya wake, Jean Drapeau, aliwaambia watu wasiwe na hofu, maana michezo ile haiwezi kuleta hasara, kama vile mwanamume asivyoweza kuzaa mtoto. Wasomaji wetu wajua habari ya yule mtu aliyeanza mnara pasipo kuketi kuhesabu gharama, akachekwa na majirani. Uwanja wa Montreal nao ulikuwa na mnara katika ramani yake. Wageni walikuja, wakacheza, wakaenda zao, na mnara haujaisha. Ulimalizika mwaka wa 1987. Na deni? Deni lilimalizika mwaka wa 2006, miaka thelathini baada ya michezo ya majuma mawili, na sehemu kubwa ililipwa kwa kodi ya tumbaku. Kijana aliyezaliwa mwaka ule wa michezo alikua, akaoa, akapata watoto, na kila alipowasha sigara alikuwa akilipia mbio ambazo hakuziona.

Hiyo ni hasara ya fedha, na fedha hupatikana tena. Iko hasara nyingine kubwa zaidi. Huko Rio, kando ya ziwa la Jacarepaguá, palikuwa na kijiji kiitwacho Vila Autódromo, kilichoanzishwa na wavuvi. Jamaa kama 600 walikaa hapo. Uwanja mkuu wa Olimpiki ulipopangwa kujengwa kando yao, nyumba zilianza kubomolewa, moja baada ya moja. Wengine walikubali malipo, wengine walikataa wakang'ang'ania, hata walipobaki jamaa 20 tu wakajengewa nyumba ndogo mahali pale pale. Sisi tukaao vijijini twajua nyumba ni nini. Si udongo na miti tu. Ni mahali alipozaliwa mtoto, ni kivuli cha mwembe alioupanda babu, ni jirani wa kumwazima chumvi usiku. Wajumbe waliokaa Copenhagen mwaka wa 2009 wakaichagua Rio, je, watu wa Vila Autódromo walikuwa na kura hata moja kati yao? Hawakuwa nayo.

Mithali yetu yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hukaa siku kumi na saba hivi, wala hapewi jembe. Na akiondoka humwachia mwenyeji wake jembe, alime deni.

Sasa twafika kwenye kiini cha neno letu. Kuna dawa, nayo imekwisha jaribiwa. Dawa ni kuwauliza wenye kulipa, kwa kura, kabla mkataba haujatiwa sahihi.

Mwaka wa 1972 watu wa jimbo la Colorado, Marekani, waliulizwa kama wataka kutoa fedha zao kwa michezo ya baridi ya mwaka wa 1976, iliyokuwa imekwisha pewa mji wao wa Denver. Wakasema hapana. Michezo ikapelekwa Innsbruck, Austria, ikafanyika vema, na Denver haikufa. Miaka sita baadaye, watu wa Los Angeles nao wakaulizwa juu ya michezo ya mwaka wa 1984. Hawakukataa michezo, walichokataa kwa kura zao ni fedha za mji kutumika kwa ajili yake. Kwa kuwa habari za Montreal zilikuwa zimewatisha wengine, hapakuwa na mji mwingine uliobaki kuomba, na Kamati ilipaswa kukubali masharti yao. Basi wakautumia uwanja wa zamani uliofunguliwa mwaka wa 1923, hawakujenga vya kujionyesha, na michezo ilipokwisha walikuwa na faida iliyopita dola 200,000,000. Tazameni tofauti: Montreal haikuwauliza watu wake, ikalipa miaka thelathini, Los Angeles iliwauliza, ikabakiwa na akiba.

Wako wasemao, "Mkiwauliza watu wadogo, watakataa kila kitu, maana hawaelewi mambo makubwa." Neno hili ni tusi, na tena si kweli. Mwaka wa 2003 watu wa Vancouver waliulizwa, na 64 katika kila 100 walikubali. Watu wa Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 2015 walikataa, kwa tofauti ndogo. Watu wa Munich walikataa mwaka wa 2013 walipoulizwa juu ya michezo ya baridi. Wakaulizwa tena Oktoba 2025 juu ya michezo ya kiangazi, wakakubali. Je, hawa ni watu wasioelewa? Ni watu wale wale, waliopima jambo moja wakalikataa, wakapima la pili wakalikubali, kama mnunuzi mwenye busara afanyavyo sokoni. Na huko Budapest, ambako watu hawakuulizwa, zaidi ya watu 266,000 walitia sahihi mwaka wa 2017 wakitaka waulizwe. Wakubwa wa mji hawakungoja kura. Waliliondoa ombi lao mara moja. Aogopaye kuuliza, jibu alijua.

Wako wengine wasemao, "Mambo yamekwisha kutengenezwa, desturi ya zamani imeondolewa." Ni kweli kwamba imebadilishwa. FIFA waliamua mwaka wa 2013 kwamba nchi zote wanachama zitapiga kura, na mwaka wa 2018 Marekani, Kanada na Mexico walichaguliwa mbele ya watu wote kwa kura 134 kwa 65 za Morocco. Huo ulikuwa mwendo mzuri, nasi twausifu. Lakini haukudumu. Mwezi wa Oktoba 2023 ilitangazwa kwamba Kombe la mwaka wa 2034 litaombwa na nchi za Asia na Oceania tu, na muda wa kujiandikisha usiotimia mwezi mmoja. Ikabaki Saudi Arabia peke yake, na tarehe 11 Desemba 2024 wajumbe walithibitisha kwa kupiga makofi. Kwa upande wa Olimpiki, tangu mwaka wa 2019 tume ndogo huzungumza na miji faraghani, kisha mji mmoja huletwa mbele ya wajumbe. Ndivyo Brisbane ya Australia ilivyopata michezo ya mwaka wa 2032, kwa kura 72 kwa 5, bila mshindani. Zamani mlango ulifungwa wakati wa kupiga kura. Siku hizi hufungwa mapema zaidi. Nyumba ni ile ile.

Na wako wa tatu, hao ni ndugu zetu, wasemao, "Kama tukidai maswali mengi hivi, Afrika haitapata zamu yake." Tunaujua uchungu wao. Mwaka wa 2000 Afrika Kusini ilikosa Kombe la mwaka wa 2006 kwa kura moja, 12 kwa 11, mjumbe mmoja aliyetazamiwa kuipigia alipokataa kupiga kura ya mwisho. Ilipata la mwaka wa 2010 kwa kura 14 kwa 10, na bara zima likafurahi. Lakini tuseme kweli: ni siri ipi iliyotusaidia? Siri ile ndiyo iliyotunyima mwaka wa 2000. Na kupewa peke yake si kupata. Durban ilipewa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka wa 2022. Mwaka wa 2017 ikanyang'anywa, kwa kuwa ahadi za fedha hazikutimizwa. Kenya ilinyang'anywa Kombe la Afrika la mwaka wa 1996, ikanyang'anywa tena mashindano ya CHAN ya mwaka wa 2018, maana viwanja havikuwa tayari. Aibu hizi zote zina mzizi mmoja: wakubwa waliahidi kabla ya kuhesabu, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia, "Ngojeni, tuonyesheni hesabu."

Jambo hili latuhusu sisi wenyewe. Tarehe 27 Septemba 2023 shirikisho la mpira la Afrika lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania kuwa wenyeji wa Kombe la Afrika la mwaka wa 2027. Mwezi wa Agosti 2025 nchi hizi tatu zilikuwa wenyeji wa CHAN, na twaikumbuka furaha ile, tangu mchezo wa kwanza Dar es Salaam mpaka wa mwisho Nairobi. Hatuioni haya furaha yetu. Lakini ombi lilipopelekwa, wananchi wa nchi hizi hawakuulizwa kwa kura, na waliochagua walikuwa kamati ya shirikisho iliyokutana Cairo. Viwanja vipya vimejengwa kwa fedha zetu. Basi yatupasa kuuliza, bila hasira na bila woga: Gharama yote ni kiasi gani? Waliokuwa na mashamba mahali pale wamelipwa nini? Michezo ikiisha, uwanja wa watu 30,000 utatunzwa kwa fedha gani, na watoto wetu wataruhusiwa kukanyaga majani yake? Aulizaye hivi si adui wa nchi yake. Aulizapo ndipo aipendapo.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, mji wo wote usipeleke ombi kabla watu wake hawajapiga kura, wakiwa na hesabu mbele yao katika lugha waisomayo. Pili, kila mjumbe apigaye kura aipige waziwazi, na jina lake liandikwe, na sababu zake zitolewe. Tatu, mkataba usimwachie mwenyeji peke yake kuubeba upungufu. Wachaguao nao wabebe sehemu yao, maana mtu achaguaye kwa mfuko wa mwenziwe hachagui kwa busara.

Mwezi wa Juni 2025 Kirsty Coventry wa Zimbabwe, Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza kuiongoza Kamati ya Olimpiki, alitangaza kwamba kazi ya kuchagua miji isimamishwe kwanza ili njia yake itazamwe upya. Tulifurahi kusikia. Walakini tunamwomba asiwaulize wajumbe wake tu. Wako watu wa Vila Autódromo, wako walipa kodi wa Montreal, wako hata watu wa vijiji vyetu, ambao wana majibu.

Haya ndiyo tuyaonayo sisi. Msomaji aonaye vingine na aandike, tusome hoja zake, maana jambo hili limefichwa vya kutosha.